Alama ya Mtu Mwingine

Mgori, 11 Februari 2004

Kwako Eliana, mjukuu wangu na mke wangu mdogo,

Sisi huku tupo, hatujafa. Bibi yako Yustina ni mzima isipokuwa goti, ulimi wake hauna ugonjwa wowote, unafanya kazi kuliko siku niliyomwoa. Mtama umesimama vizuri, alizeti imechelewa kwa sababu mvua ilikuja ikaondoka kama mtu aliyesahau kitu kwake. Mama yako Martha alifika Jumapili na jogoo. Shemeji yangu Marko, kaka wa bibi yako, naye anakusalimu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa. Cheti cha kisomo cha watu wazima ninacho, kimetundikwa ukutani, mwalimu alisema katika darasa lote mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote wakati wa kusoma. Nukta naziweka pale ninapochoka.

Sasa jambo lenyewe. Barua yako ya Januari imefika. Unasema zile nyimbo zangu za zeze ulizonasa kwenye kaseti wakati wa Krismasi umeziingiza kwenye kompyuta ya kazini kwako huko Mwanza, na watu wa nchi za mbali wanazichukua na kuzisikiliza. Nimeisoma mara tatu, ya tatu niliisomea kilabuni, watu wakaacha kunywa. Mmoja akasema mzee unadanganya. Nikampa barua asome mwenyewe, naye hajui kusoma, basi ikaishia hapo nikiwa mshindi.

Nataka uniambie mambo mawili. Ni watu wangapi mpaka leo? Na je, wanaambiwa anayepiga ni nani? Isije watu wa Ulaya wakadhani ni Mnyiramba, na mimi ni Mnyaturu. Andika Mughwai wa Mgori, Singida, herufi kubwa.

Mpe salamu bosi wako Kamran. Baba yake alipokuwa na duka Singida mjini nilimuuzia asali na nta miaka mingi. Ni jina langu lililokupa kazi hiyo, hicho cheti chako cha kompyuta kilisindikiza tu.

Mimi babu yako na mume wako,
Mughwai


Mwanza, 6 Machi 2004

Babu shikamoo. Na mke mwenzangu Bibi Yustina mfikishie shikamoo yake, mwambie goti alikande kwa maji ya moto yenye chumvi, asikusikilize wewe na mafuta yako ya nyuki.

Mimi ni mzima. Huku joto, samaki wapo, kazi ipo. Hapa intaneti kafe tupo wawili tu chini ya Kamran: mimi naangalia mashine za wateja, na mwenzangu Ritha, dada wa Manyoni mwenye mtoto mmoja, yuko kwenye kompyuta ya kuchapa barua za watu. Kazi hii ndiyo inayoniweka Mwanza. Nikiikosa narudi kulima alizeti, na mume wangu mzee itabidi anilishe.

Uliuliza ni wangapi. Ni kumi na mmoja. Wote wameupenda ule wimbo wa nyuki. Mmoja ni wa Finland, ameniandikia kuuliza zeze lako lina nyuzi ngapi. Jina lako nimeliandika kwa herufi kubwa.

Lakini Babu kuna tatizo, nataka nikueleze taratibu. Kuna programu ambayo watu wa dunia nzima wanagawiana nyimbo. Wimbo unakaa kwenye mashine yangu, na anayeutaka anauchukua moja kwa moja kutoka humo. Sasa, kila mashine iliyo kwenye mtandao ina namba yake, inaitwa namba ya IP. Anayechukua wimbo anaweza kuiona. Kampuni inayotuletea intaneti nayo inaiona. Na Kamran amekataza kabisa kugawa nyimbo hapa, kwa sababu zinakula laini, wateja wanakaa kusubiri barua pepe zifunguke mpaka wanasonya na kuondoka. Siku akiletewa namba ya mashine yangu nimekwisha.

Namba inaweza kufichwa. Unaupitisha wimbo kwenye mashine nyingine kwanza, huko nje wanaona namba ya hiyo nyingine, ya kwako haionekani. Sijafanya hivyo.

Basi niache, niendelee wazi, au nijifiche? Nyimbo ni zako, kazi ni yangu. Sema.

Mjukuu wako,
Eliana


Mgori, 2 Aprili 2004

Mke wangu mdogo Eliana,

Tumepata salamu. Bibi yako amekanda goti kwa maji ya chumvi na limepona, jambo ambalo limenikera sana. Kuku watatu wamechukuliwa na kicheche. Ng'ombe mwekundu kazaa dume. Wengine wote wazima.

Hiyo habari ya namba nimeielewa upesi kuliko ulivyotegemea. Ni sawasawa na mizinga. Sisi warina asali kila mzinga tunaotundika msituni tunauchonga alama ya mwenyewe. Yangu ni duara na mistari miwili, ya Marko ni mistari mitatu na mkato. Mtu akiukuta mtini, hata kama hajawahi kuona darasa, anajua huu wa nani. Mzinga usio na alama ni wa mwizi. Nimetundika mizinga tangu kabla mama yako hajazaliwa na sijaficha alama yangu hata siku moja, muulize yeyote Mgori hapa atakwambia Mughwai ni mtu wa kuonekana.

Kwa hiyo usifiche na usiache. Kujificha ni tabia ya fisi. Huyo Kamran hawezi kukufukuza, mwambie wewe ni mjukuu wa Mughwai wa asali. Akileta ukaidi nitapanda basi nije Mwanza mwenyewe, na zeze langu.

Mwambie mtu wa Finland nyuzi ni mbili, ila kwa mkono wangu zinasikika nne.

Mume wako,
Mughwai


Mwanza, 9 Mei 2004

Shikamoo Babu,

Pole na kuku. Huku tu wazima, ila nilishikwa na malaria wiki moja, nimepona. Mama alipita hapa akienda msibani Geita, amelala kwangu siku mbili.

Nilikutii. Nikaacha mashine yangu wazi, namba yake nje. Wimbo wa nyuki ukafika watu ishirini na sita. Halafu wiki iliyopita Kamran alitukusanya mimi na Ritha kabla ya kufungua mlango. Akasema, "Kampuni wameniandikia. Kuna nyimbo zinatoka humu mchana na usiku, wanatishia kunikatia laini. Safari hii hawakutaja mashine, na mimi simtafuti mtu. Safari ijayo wakiniletea namba, mwenye mashine hiyo aende kwao siku hiyo hiyo. Sitauliza yeye ni mtoto wa nani."

Hapo aliniangalia mimi, kwa sababu salamu zako nilishampa. Anakukumbuka, Babu. Alisema, "Aa, yule mzee aliyemuuzia marehemu baba asali yenye maji."

Nimesimamisha kwanza. Naogopa.

Jambo jingine. Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika pale unaposema hujaficha alama yako hata siku moja, alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Muulize babu yako habari za mizinga ya Marko." Nikambana, akajifanya anatafuta kanga yake na alikuwa ameivaa.

Habari gani hizo?

Eliana


Mgori, 30 Mei 2004

Eliana,

Sisi wazima. Mtama tumevuna.

Asali ile haikuwa na maji. Ilikuwa nyepesi. Kuna asali nyepesi, na kuna watu wa dukani wasiojua asali.

Mama yako tangu utotoni anacheka ovyo, hata kanisani aliwahi kutolewa. Mizinga ya Marko ni mambo ya zamani, msitu wenyewe sasa si ule, miti mingine haipo. Tuache hayo.

La muhimu ni hili la kusimamisha. Utasimamisha vipi bila kuniuliza? Mimi nimeshawaambia watu kwamba wasikilizaji wamefika mia. Najua uliandika ishirini na sita, lakini kati ya barua yako kutoka na kufika mimi nilikisia ukuaji. Mwenyekiti wa kijiji ameahidi siku ya sherehe ya mavuno nikae mbele. Sasa nirudi kilabuni niseme nini, kwamba dunia imezimwa?

Nimefikiri usiku na mchana. Nilisema usifiche. Sasa nasema ficha kidogo. Mtu mwenye akili anabadilika, mjinga ndiye anayesimama pale pale kama kisiki. Wewe mwenyewe ulisema inawezekana kupitisha kwenye mashine nyingine. Hiyo ya huyo Ritha si ipo tu inachapa barua za watu? Pitisha humo. Namba haina mdomo, haiwezi kulalamika.

Fanya haraka, sherehe ni Julai.

Mughwai


Mwanza, 20 Juni 2004

Babu shikamoo, na Bibi.

Mimi mzima. Naandika kwa kifupi, kuna foleni.

Nimefanya ulivyosema. Nilibaki jioni moja nikijidai nafuta vumbi, nikapanga mashine yangu ipitie ya Ritha. Huko nje sasa inaonekana namba yake. Watu wamefika arobaini na tatu. Mtu wa Finland amesema amempigia mama yake ule wimbo, mama akalia bila kuelewa hata neno moja.

Ritha hana habari. Kila asubuhi ananiletea maandazi mawili. Nikila la kwanza najisikia vibaya, nikila la pili najisikia nafuu kidogo.

Hujanijibu habari za Marko.

Eliana


Mwanza, 3 Agosti 2004

Babu shikamoo,

Nimengoja barua yako Julai yote haikuja. Natumaini sherehe ilikwenda vizuri na ulikaa mbele. Natumaini Bibi mzima.

Ritha amefukuzwa.

Kampuni walileta karatasi, safari hii na namba. Kamran akaenda nayo moja kwa moja mpaka mezani kwa Ritha. "Hii namba ya mashine ya nani?"

Ritha akaangalia. "Ya kwangu, bosi."

"Kwa hiyo ni wewe unayegawa nyimbo."

"Mimi? Bosi, mashine yangu hata spika haina. Ningezisikia wapi?"

"Namba ni ya nani?"

"Namba ni yangu. Nyimbo si zangu."

Kamran akacheka, si kwa furaha. Akamwambia achukue mkoba wake.

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo, nimeinama kwenye printa natoa karatasi iliyokwama. Babu, haikuwa imekwama. Niliichomoa safi, nikairudisha, nikaichomoa tena, mpaka Ritha akatoka mlangoni.

Jioni akaja kwangu na mtoto wake, akalia. Kwangu! Nikampikia ugali na dagaa, nikambeba mtoto mgongoni mpaka akalala. Wakati wa kuondoka Ritha akanishika mikono akasema mimi ndiye rafiki wa kweli aliyempata hapa Mwanza. Nikasema asante.

Nikisema kwa Kamran, kazi sina. Nisiposema, kazi ninayo na Ritha hana. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta. Wewe ndiye uliyeniambia namba haina mdomo. Sasa usiniambie mambo ya zamani na msitu umebadilika. Niambie mizinga ya Marko ilikuwa nini.

Eliana


Mgori, 24 Agosti 2004

Mjukuu wangu Eliana,

Bibi yako anakusalimu. Mama yako anakusalimu. Ng'ombe wapo.

Barua yako nimeisoma peke yangu, sikuipeleka kilabuni. Sherehe ilikuwepo na nilikaa mbele, nikapiga wimbo wa nyuki, watu wakapiga vigelegele. Ndiyo sababu sikuandika. Nilikuwa nafurahi, na mtu anayefurahi haandiki barua anaandikiwa.

Sasa sikiliza na usinikatize.

Zamani, Martha akiwa msichana mdogo, upande mmoja wa msitu, ule wa korongoni, watu wa misitu wa serikali walitukataza kutundika mizinga. Na upande huo ndio wenye miti yenye maua, nyuki wanajaa humo kama watu mnadani. Mimi nilikuwa na mizinga minane mipya. Nikasema nikiitundika kule na duara langu na mistari yangu miwili wakaikuta, nimekwisha. Nikaketi uani nikachonga mistari mitatu na mkato.

Alama ya Marko. Niliwaza Marko ni mtu mpole, hata wakiikuta hawatamgusa. Niliwaza pia hawatafika mpaka kule. Kusema kweli sikuwaza, nilikuwa nachonga tu.

Walifika.

Waliiteremsha wakaichoma, kisha wakaenda kuchoma na ile ya Marko ya halali iliyokuwa upande wa huku, kwa sababu alama ni ile ile. Ishirini na zaidi, kazi ya baba yake na yake. Yeye wakampeleka Singida. Akawaambia, "Alama ni yangu, mizinga si yangu." Wakacheka. Nilipofika kwenye barua yako pale Ritha anaposema namba ni yangu nyimbo si zangu nilikunja karatasi nikatoka nje nikakaa na mbuzi.

Alilala mahabusu siku kumi na tisa. Na mimi, Eliana, nilikuwa nampelekea chakula. Kwa miguu, na kibuyu cha maziwa. Nilikuwa na miguu siku hizo, hakuna mtu aliyetembea kama mimi, ona hata hapa najisifu. Akaniambia mbele ya askari, huyu ndiye shemeji. Nikasema asante kama ulivyosema wewe. Sijui kama neno hilo tunalirithi.

Wimbo wa nyuki niliutunga njiani nikirudi. Wewe umeunasa kwenye kaseti lakini Kinyaturu chako ni cha mjini hukufuatilia. Unasema shemeji amelala kwenye sakafu ya watu, moshi wa nyuki wake haujaisha, na shemeji mwenzake anakuja na kibuyu, anakuja, anakuja. Huyo anayekuja ni mimi. Watu arobaini na tatu wa dunia nzima wamechukua wimbo ambao ndani yake mimi ndiye mtu mwema, na mama wa Finland amenililia.

Bibi yako aliniona nikichonga. Hajaniambia neno miaka yote hii, ila nikianza wimbo huo anatoka nje kwenda kutazama kuku, hata kama kuku wamelala. Kwa mama yako alisema siku moja akiwa na hasira juu yangu ya jambo jingine.

Marko hakurudi kutundika. Alisema mkono umekataa. Akawa mtu wa kulima tu, na nyuki alikuwa akiwajua kuliko mimi. Hilo sijawahi kuliandika wala kulisema na nimeliandika mara moja, sirudii.

Kwa hiyo nenda kwa Kamran. Usiseme kesho. Mtu akibeba kitu hicho mwaka mmoja kinakuwa chepesi, ndiyo ubaya wake, unakizoea mpaka unakitungia wimbo. Mimi nami kesho asubuhi naenda kwa Marko. Nimeshafua shati.

Babu yako,
Mughwai


Mwanza, 15 Septemba 2004

Babu shikamoo, na Bibi shikamoo yake ya pekee.

Barua yako ilikaa njiani, nimeipata juzi. Imechelewa. Nilikuwa nimeshakwenda kwa Kamran tangu tarehe tisa Agosti.

Usidhani nilikuwa jasiri. Nilizunguka soko mara mbili kwanza, nikanunua nyanya nisizozihitaji, nikaingia nazo kafe. Nikamwambia, "Bosi, nyimbo ni za babu yangu, na aliyezipitisha kwenye mashine ya Ritha ni mimi."

Akaniuliza, "Umekaa na jambo hili siku ngapi?"

"Kumi."

"Na Ritha mnaonana?"

"Kila jioni. Anakuja kula kwangu."

Hapo ndipo alipokasirika, Babu, si kwenye nyimbo. Alisema laini angenisamehe, hata kampuni angeipigia magoti, lakini huo ugali hapana. Akanionyesha mlango. Nyanya nilizisahau mezani kwake.

Ritha alirudishwa kazini siku ya pili yake. Nilikwenda kumwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa Kamran. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anamnyonyesha mtoto. Akasema, "Eliana, mimi nilikuombea." Tukikutana njiani anapita upande wa pili.

Nimepata kibarua cha kuchapa kwenye duka dogo karibu na stendi. Kuna mashine moja, haina mtandao kabisa. Siku nyingine nachapa maombi ya kazi ya watu wengine. Sijajua kama nitabaki Mwanza zaidi ya Desemba.

Nyimbo zako nimezitoa. Zilizochukuliwa zimeshachukuliwa, hazirudi.

Na Marko? Alisema nini ile asubuhi ulipokwenda na shati lako safi?

Eliana


Mgori, 10 Oktoba 2004

Eliana mjukuu wangu,

Tupo. Kila mtu yupo.

Ile asubuhi sikwenda. Nilitaka kukuandikia kwamba mvua ilininyima njia, lakini Agosti huku hakuna mvua na wewe unajua. Nikataka kusema goti, goti ni la bibi yako. Basi sikwenda tu. Kesho yake nilivaa shati, nikafika kwenye ua wa Marko, nikamsalimia, nikamwuliza habari za viazi, nikarudi. Nilifanya hivyo siku sita. Marko akamwuliza bibi yako kama mimi nauza viazi siku hizi.

Barua yako ndiyo iliyonitoa. Nilipoona mtoto wa kike kazunguka soko mara mbili tu na mimi nimezunguka tangu Martha akiwa mdogo, nilivua shati lile, maana lilishachafuka kwa safari za bure, nikaenda na la kawaida. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Marko alikuwa amekaa na pombe yake.

Nikasema, "Shemeji, ile mizinga minane ya korongoni niliitundika mimi. Alama nilichonga mimi."

Akanywa. Akameza. Akasema, "Rudia, mke wangu yuko jikoni hakusikia."

Nikarudia. Mke wake akatoka na mwiko mkononi, nikadhani nitapigwa, hakunipiga, afadhali angenipiga. Marko akasema, "Ngoja Gasto aje." Gasto ni mwanawe wa kwanza. Akaja. Nikasema mara ya tatu. Gasto alinitazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyeingia shambani, na ana haki, shamba lenyewe ni la baba yake.

Hakunisamehe, nisikudanganye. Wala hakunifukuza. Alisema atafikiri, na kwamba yeye si mtu wa haraka kama mimi, nikasema shemeji mimi nimechukua miaka karibu thelathini, akasema nyamaza.

Jioni akatuma kuwaita majirani. Wakakaa uani, wengine walikuwa wale wale wa kilabuni, wale niliowasomea barua zako. Wengine wamekwisha kunisikia nikiimba wimbo ule tangu wana meno ya maziwa. Marko akasema, "Mughwai, endelea."

Hiyo ilikuwa mara ya nne. Nikasema. Sasa kwa mara ya nne Eliana ulimi wangu ulikuwa umeshaijua njia, nikaona watu wametulia wananisikiliza, hakuna anayekohoa, na sijui nini kiliniingia. Nikasema siku ile walikuja watu wa misitu kumi na wawili, wenye bunduki, na gari.

Marko akaweka kibuyu chini.

"Walikuwa wawili," akasema. "Na baiskeli moja. Anza upya."

Nikaanza upya.

Babu yako,
Mughwai